Tatu Iliyosomeka Nane

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa haijakata. Dada yangu kaniletea daftari hili kutoka Unguja, nami nimeona niandike masika yote mpaka yaishe.

Leo Bwana Ridha kanipa kazi ya maana. Bwana Ridha ndiye mwenye tovuti ya habari ninapofanya kazi, hapa Wete, Pemba. Tupo watatu tu: yeye, mimi Khairat ninayechora mabango ya kwenye kurasa, na Usama anayeiendesha tovuti yenyewe. Kazi ni ya Bi Mardhiya, mkunga mstaafu. Amewakusanya wenye magari wakaunda jumuiya ya kuwapeleka wajawazito na wagonjwa hospitali bure masika haya, barabara za ndani zinapogeuka tope. Mtu anapiga namba moja, Bi Mardhiya anapokea, anaituma gari iliyo karibu.

Bango lenyewe dogo, la kukaa juu ya ukurasa kwenye simu. Upana vidoa vya kioo, yaani pikseli, mia tatu na ishirini, kimo hamsini. Nililichora kubwa kwanza, mara tano ya kipimo chake, nipate nafasi ya kupamba. Nikatia gari, nikatia mwezi mwandamo, nikaandika, "Mama mjamzito, usihangaike, piga namba hii saa yoyote, tutakufuata ulipo." Chini yake namba, kwa herufi nyembamba zenye kivuli. Kisha nikalipunguza.

Usama kapita nyuma yangu akasema, "Khairat, maandishi hayapunguzwi kama picha ya embe. Lichore kwa kipimo chake."

Nikamjibu kwamba kwangu linasomeka. Usama hajapata kuisifu kazi yangu hata moja. Naona ni kijicho.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua. Nimefua, hazikukauka.

Jumatatu, 7 Aprili

Sikukuu, lakini Bwana Ridha kafungua ofisi kwa ajili ya lile bango. Limeshawekwa. Kaniambia mbele ya Usama, "Mkono wako una baraka." Mtu huyu alinipa kazi nilipokuwa sina cheti wala jamaa wa kunisemea. Nikimuona anafurahi, nami nafurahi mpaka naona haya.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua siku ya tatu. Paa la ofisi linavuja upande wa Usama. Kahamishia kompyuta yake karibu na yangu.

Jumatatu, 14 Aprili

Bi Mardhiya kaja kutushukuru. Wete wanampigia, Chake Chake wanampigia, maana huko alibandika na karatasi ukutani. Kilichomshangaza ni kaskazini. Konde, Micheweni, Makangale, hakuna hata mmoja aliyepiga, na huko ndiko tulikotarajia waione kwenye simu zao.

"Au masika haya hawazai?" akauliza, nusu anacheka.

Bwana Ridha akasema watu wa huko ni wazito kuamini kitu kigeni, tuwape muda. Sote tukaitikia. Usama peke yake kageukia kompyuta yake.

Jumamosi, 19 Aprili

Chini ya ukurasa wetu mtu wa Konde kaandika: "Namba yenu anapokea mama mmoja anafoka sana, lakini gari ilikuja. Mungu amlipe." Tumecheka mpaka machozi. Hatukujua kama Bi Mardhiya anafoka. Bwana Ridha kasema tusimwambie, atavunjika moyo.

Jumanne, 22 Aprili

Tope mpaka mlangoni. Kiatu changu kimoja kimebaki njiani.

Jumanne, 29 Aprili

Leo kumetoka jua. Asubuhi nimechora bango la duka la vitambaa, mchana nimekula muhogo wa nazi kwa papa mkavu. Siku njema. Hakuna la kuandika.

Ijumaa, 2 Mei

Naandika polepole nisichanganye mambo.

Saa nne asubuhi kaingia mwanamke wa makamo, pindo la buibui limejaa tope, viganja vimepasuka kama vya watu wote wanaofunga mwani kwenye kamba. Mkononi ana simu mbili, ndogo ya kubonyeza na nyengine ya kupangusa. Katoa salamu, tukaitikia, Bwana Ridha kamkaribisha kiti. Hakukaa.

"Mie naitwa Mwanawema. Nalima mwani Micheweni. Nataka kumuona aliyenitia mtandaoni."

"Bi Mwanawema, sisi hatujaandika habari yako," Bwana Ridha kamwambia kwa upole.

"Habari yangu sikuijia. Namba yangu mmeitia."

Bwana Ridha akatutazama, nasi tukatazamana.

"Mwanzo kanipigia kijana wa Konde," akasema. "Anasema mkewe kashikwa na uchungu, nitume gari. Nikamwambia mie sina gari, nina mwani. Akalia. Mwanamme mzima analia kwenye simu, utamfanyaje? Kaka yangu Ame ana keri, gari ndogo ya kubebea mwani. Nikamwambia Ame, nenda. Baada ya siku mbili, kapiga mwengine. Huyo nikamfokea, kisha nikamtuma Ame. Wa tatu hivyo hivyo. Nikadhani sheha wa kijijini kwetu kaniandika kwenye jambo bila kuniambia, maana ndiyo kawaida yao. Watu kumi na wanne tumewafikisha hospitali, mie na Ame. Mmoja kajifungulia ndani ya keri, juu ya magunia ya mwani, na mtoto mzima, alhamdulillahi."

Nilisimama. Sikumbuki nilisimama kwa nini. Lile tulilolicheka siku ile, yule mama anayefoka, alikuwa huyu.

"Basi mama, umefanya jambo kubwa," Bwana Ridha akaanza kusema.

"Sijamaliza," akasema Bi Mwanawema, na hapo ndipo alipokaa kitini. "Jumanne hii yalikuwa maji ya bamvua, bahari imekauka mpaka mbali. Siku hizo hatuachi kwenda mwanini. Simu naiacha pwani ndani ya kapu, isiingie chumvi. Nilipotoka nikakuta mtu mmoja kanipigia mara kumi na moja. Nikampigia. Mwanamme wa Makangale, anaitwa Jaribu. Akaniambia, 'Usitume tena gari, bibi. Mtoto kazaliwa njiani, na keshafariki.' Hakunitukana. Laiti angenitukana."

Nje mvua ilikuwa inaanza upya. Bi Mwanawema akaifungua ile simu ya kupangusa, akasema ni ya mwana wa ndugu yake, ndiye aliyemuonesha namba inakotoka. Akaiweka juu ya meza yangu. Ukurasa wetu, na juu kabisa bango langu, gari langu na mwezi wangu mwandamo.

"Namba yako inaishia na ngapi, mama?" nikamuuliza.

"Themanini na sita."

Namba ya Bi Mardhiya inaishia na thelathini na sita. Nyengine zote ni sawasawa. Nikaisogeza simu karibu ya macho, nikaisogeza mbali, nikafumba jicho moja. Kila nilivyotazama niliona themanini na sita.

Usama akalifungua bango kwenye kompyuta yake na kulikuza mpaka pikseli zikawa kama vigae vya sakafu. Hakunilaumu. Alinionesha kwa kalamu tu. Tatu yangu, baada ya kupunguzwa, ilibaki na kimo cha vigae saba. Ile mianya miwili ya upande wa kushoto, inayoifanya tatu isiwe nane, ilikuwa na kigae kimoja kimoja, na vyote viwili vimejaa rangi ya kivuli nilichokiweka kwa urembo. Juu ya hayo nililihifadhi kwa JPEG, aina ya faili la picha, iliyobanwa sana, ukurasa uwe mwepesi, na mbano huo ukapaka ukungu kuzunguka kila herufi. Mimi nililitazama likiwa kubwa, na namba naijua. Jicho langu lilisoma kitu linachokijua. Mtu wa Makangale alikuwa hakijui.

Nimerudi nyuma kwenye daftari hili kuangalia Jumanne nilikuwa nafanya nini. Nimeandika, siku njema.

Bi Mwanawema alipoondoka kasema, "Rekebisheni. Lakini mie simu yangu sitaizima, wapo walioiandika zamani." Alipotoka tu Bwana Ridha akafunga mlango, akasema nilichore upya leo leo, la zamani tuliondoe, na jambo hili lisitoke nje ya kuta hizi.

"Tovuti ni jina," kasema. "Jina likichafuka hatuna kitu."

Nami nikaitikia, "Ndiyo, Bwana Ridha." Naandika hili ili nisije nikasema sikuitikia.

Jumamosi, 3 Mei

Bango jipya limewekwa saa nne asubuhi. Nimelichora kwa kipimo chake hasa, pikseli hamsini kwa kimo, bila ya kulipunguza. Gari nimeliondoa, mwezi nimeuondoa, kivuli nimekiondoa. Maneno nimeyaacha matatu tu, GARI YA HOSPITALI, na namba kwa herufi nene zisizo na mikia, kimo cha pikseli ishirini, nyeusi juu ya njano. Nimezigawa tarakimu tatu tatu, nimehakikisha kila mstari umekaa juu ya pikseli kamili, usikatike katikati ukatoa rangi ya kijivu. Nimelihifadhi kwa PNG, ambayo haipaki ukungu. Usama kanitengenezea na nakala ya ukubwa maradufu kwa simu zenye kioo kikali.

Kisha kafanya jambo ambalo lilipaswa kufanywa tangu mwanzo. Namba kaiandika tena chini ya bango kama maandishi ya kawaida ya ukurasa, ukiigusa simu inapiga yenyewe.

"Namba ya kuokoa mtu isiwe picha peke yake," akasema. Nikamuomba radhi. Akasema paa bado linavuja, nimsaidie kusogeza meza.

Mchana nimezunguka nalo sokoni, kwenye simu yangu ya zamani yenye ufa, nikiwaomba wauza ndizi na wauza samaki wanisomee. Watu ishirini na mbili. Wote wamesoma thelathini na sita. Mmoja kaniuliza mbona nalia.

Jumatatu, 5 Mei

Nimeshindwa kunyamaza. Baada ya adhuhuri nimekwenda kwa Bi Mardhiya nyumbani kwake, nikamueleza yote, la tatu na nane, la Bi Mwanawema, la mtoto wa Makangale. Alikuwa anachagua mchele. Mikono ilisita ndani ya ungo, ikabaki pale pale.

"Mwanamke huyo anaitwa nani?"

"Aliyefiwa sijui jina lake. Mumewe anaitwa Jaribu."

"Wiki nzima sasa hamjui jina lake," akasema.

Nilitaka kusema kwamba tumejua Ijumaa tu. Akauweka ungo chini. "Mtu akifiwa huendewa. Mwambie Ridha Alhamisi nahitaji gari."

Bwana Ridha kanikasirikia, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Kasema nimevunja amana. Nikamwambia kwenye amana hiyo mna maiti ndani yake. Sijui niliupata wapi ulimi huo. Katoka, na hakurudi mpaka magharibi.

Jumatano, 7 Mei

Hatusemeshani. Mvua tu.

Alhamisi, 8 Mei

Bwana Ridha kaja mwenyewe na gari, kaendesha mwenyewe. Bi Mardhiya mbele, mimi nyuma na mfuko wa mchele na sukari. Tumetoka Wete, tumepita Konde. Ndani ya msitu wa Ngezi barabara ilikuwa nyeusi kwa maji, na magurudumu yalizama mara mbili tukashuka kusukuma. Bi Mardhiya alipotazama lile tope akasema, "Hapa ndipo alipopita na uchungu wake." Bwana Ridha aliufuta uso kwa kanzu.

Kwenye nyumba tulikuta mwanamke mzima kakaa barazani, kashika tasbihi. Ni mama yake aliyefiwa, Bi Mwatima. Bintiye, mke wa Jaribu, ndiye Duni. Bwana Ridha kabaki ndani ya gari, sisi tukapanda barazani tukatoa pole.

Wakati wanapeana salamu mimi niliuona mlango. Namba iliandikwa pale kwa mkaa, kubwa, kwa mkono wa mtu aliyetaka isipotee. Mwisho wake themanini na sita. Ile nane ilikuwa imekwaruzwa kwa msumari mpaka mbao ikaonekana nyeupe.

Bi Mwatima aliyaona macho yangu. "Hiyo ni kazi ya mkwe wangu," akasema. "Aliitoa kwenye simu mwezi uliopita, akaniambia, mama, mwanao hana hofu masika haya. Siku ilipofika kapiga, kapiga, hakuna anayepokea. Sote tukasema ni amri ya Mungu. Jumamosi jirani katuonesha ile namba kwenye simu yake. Tatu, mwanangu. Tatu kubwa kama ngumi, hata mie niliyesoma kisomo cha watu wazima nimeiona. Yeye kaandika nane."

Akateremsha tasbihi mapajani. "Yupo kwa ndugu yake, siku ya tano hii. Mie sikumfukuza kwa mdomo. Nilisema tu mbele za watu kwamba mjukuu wangu kauliwa na mtu asiyejua kusoma. Na nyumba kadhaa nikazipitia, nikayasema hayo hayo. Kesho yake hakurudi."

Sijapata kuhisi kitu kama kile. Ijumaa nilidhani nimeshaona mwisho wa ubaya wa kazi yangu. Kumbe lile bango jipya, zuri, linalosomeka, nililoliweka kimya kimya, lilikuja huku likamhukumu mtu. Kosa langu nimelisafisha likahamia kwake.

Nikamgeukia Bi Mardhiya nisaidiwe kusema. Akatikisa kichwa: useme weye.

"Bi Mwatima," nikasema, "Jaribu alisoma sawa."

Akanitazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha nyengine. Nikamueleza. Sikutumia maneno ya pikseli wala JPEG. Nilimwambia kuwa mimi ndiye niliyeiandika namba ile, niliiandika vibaya ikaonekana nane, na Jumamosi niliibadilisha bila ya kumwambia mtu yeyote kwamba kabla ilikuwa hivyo. Nilikuwa nimelihifadhi bango la zamani kwenye simu. Nikamfungulia.

Wakati huo mlango wa gari ulifunguliwa. Sijui Bwana Ridha alisikia kiasi gani, gari ilikuwa karibu na baraza na vioo viko chini. Alimuuliza mtoto wa njiani nyumba ya ndugu yake Jaribu, akaondoka kwa miguu kwenye mvua, bila ya mwavuli. Alirudi naye baada ya muda, amemshika mkono. Jaribu ni kijana mwembamba, si zaidi ya miaka thelathini. Alisimama chini ya upenu, hakuthubutu kupanda.

Bwana Ridha akasema, "Mimi ndiye mwenye tovuti. Binti huyu alitaka kusema, mimi nikamziba mdomo." Kisha akanipisha.

Nikamwambia Jaribu niliyomwambia mkwewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho yako chini.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Rudia mama asikie."

"Nimesikia," akasema Bi Mwatima. Alikuwa bado kaishika simu yangu. Aliisogeza karibu, akaisogeza mbali, akaielekeza kwenye mwangaza. "Themanini na sita," akasoma. Akasoma tena. Akamwita jirani kutoka ng'ambo, jirani akaja akasoma: themanini na sita.

Jaribu alikaa pale pale chini ya upenu, juu ya tope, akajifunika uso kwa mikono miwili.

Duni alitokea mlangoni. Sikuwa nimemuona mpaka saa hiyo. Alikuwa amejitanda kanga mpaka kwenye paji la uso, anashikilia fremu ya mlango kama mtu aliyetoka kwenye homa. Nilimwambia, "Dada, nisamehe." Hakunitazama wala hakunijibu, na sidhani kama nilistahiki kujibiwa leo. Alimtazama mumewe. "Jaribu," akasema, "njoo ndani." Mumewe akainuka, akaosha miguu kwa maji ya mvua yanayotiririka paani, akaingia. Mlango wakaufunga.

Nilidhani tumemaliza. Bi Mardhiya alikuwa ameshachukua mkoba wake. Bi Mwatima akainuka, akavaa viatu vyake vya mpira, akanishika kiganja. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Nyumba nilizopita nikamsema," akasema, "utazipita nami."

Tumezipita kwenye mvua, yeye mbele mimi nyuma, simu nimeifunga kwenye mfuko wa plastiki. Kila nyumba anabisha hodi, anasema nimekuja na mgeni, msikilizeni. Mimi nasema jina langu, nasema nilichofanya, naonesha bango, wanasoma. Wengine walininunia. Mwanamme mmoja kaniuliza kama nimesomea hiyo kazi au nabahatisha. Mwanamke mwengine kanipa maji ya moto.

Zilikuwa nyumba tisa. Kwenye ya tisa sauti ilinikauka kabisa. Bi Mwatima akawageukia wenyeji akasema mwenyewe:

"Mkwe wangu alisoma sawa. Mie ndiye niliyemsoma vibaya."